Kofia ya Pili: Mwongozo wa Helmeti ya Abiria wa Bodaboda Tanga

Ukipita vijiwe vya bodaboda Tanga mjini, kuanzia stendi ya Kange mpaka Ngamiani na Chumbageni, utawakuta madereva wengi wana helmeti kichwani. Ya abiria ndiyo yenye mkosi. Imetundikwa kwenye saiti mira, mkanda umekatika, ndani inanuka jasho la watu wa wiki nzima. Abiria akipewa anaipakata mapajani, na dereva hasemi kitu kwa sababu hataki kumuudhi mteja.

Mwongozo huu ni wa hiyo kofia ya pili. Unamhusu dereva anayeinunua na kuitunza, na unamhusu abiria anayetakiwa kuivaa. Abiria hashiki usukani, halioni shimo linalokuja, hajui breki itashikwa lini. Mwili wake hauna nafasi ya kujiandaa. Kama kuna mtu mmoja juu ya pikipiki anayehitaji helmeti inayomkaa vizuri, ni yeye.

Kwanza ujue inafanya kazi gani

Watu wengi hudhani ganda gumu la nje ndilo linalookoa. Ganda lina kazi yake: linazuia ncha za mawe na vyuma zisipenye, na linasambaza pigo lisitue mahali pamoja. Lakini kazi kubwa inafanywa na tabaka jeupe, jepesi, lililo kati ya ganda na sponji, la aina ileile inayowekwa kwenye katoni ya televisheni mpya ili isivunjike. Linaitwa polistirini. Kichwa kikigonga, tabaka hilo linabonyea na kufa, na kwa kufa kwake linakipa kichwa muda kidogo zaidi wa kusimama. Ubongo unaumia kwa sababu fuvu limesimama ghafla na wenyewe bado unakwenda. Hata sehemu ndogo sana ya sekunde ikiongezeka hapo, madhara yanapungua mno.

Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, mwaka 2008 yalionyesha kwamba kwa watu wanaopata ajali ya pikipiki, helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Hakuna dawa wala upasuaji unaoweza kumrudishia mtu kiasi hicho baada ya ubongo kuumia.

Sasa tuzungumze kuhusu "hapo tu". Mtu anatoka Makorora anakwenda sokoni, anakataa helmeti: "Aa, ni hapo tu." Fanya hesabu ndogo. Kichwa cha mtu aliyekaa juu ya pikipiki kiko karibu mita moja na nusu kutoka chini. Pikipiki ikilala ikiwa imesimama, bila mwendo wowote, kichwa kile kikianguka moja kwa moja kinafika kwenye lami kikiwa na kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa. Hapo hujaongeza mwendo wa pikipiki, wala bajaji iliyokukatia mbele, wala lori la saruji linalotoka Pongwe. Nchini Marekani, mtafiti Harry Hurt na wenzake walichunguza ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, na ripoti yao ya mwaka 1981 ilieleza kwamba nyingi zilitokea katika safari fupi, karibu na mahali mtu alipoanzia. Safari za dukani, za kwa rafiki, za shughuli ndogondogo. Yaani hizo hizo za hapo tu.

Hatua ya 1: Nunua kofia yenye tabaka ndani

Ukiwa dukani kwenye vipuri vya pikipiki, usianze na rangi wala michoro. Geuza helmeti, ingiza vidole ndani, vuta sponji ya shavuni au ya utosini taratibu uone nyuma yake. Ukikuta tabaka jeupe (mara nyingine hupakwa rangi nyeusi) lenye unene wa sentimita mbili na nusu hivi au zaidi, na linazunguka kichwa chote, endelea kuangalia mengine. Ukikuta sponji laini imegundishwa moja kwa moja kwenye plastiki, rudisha. Hiyo ni kofia ya kumwonyesha askari wa usalama barabarani, na lami haiogopi askari.

Kofia za ujenzi hazifai. Zimetengenezwa kwa kitu kinachoanguka kutoka juu, hazina ulinzi wa pembeni, na kwa kawaida hazina mkanda wa kuzuia zisiruke. Kofia za baiskeli nazo ni nyepesi mno kwa kazi hii, ingawa Tanga hatukosi baiskeli na wengine hujaribu kuzihamishia huku.

Tafuta alama za ubora. Helmeti zilizopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa huwa na herufi E ndani ya duara ikifuatiwa na namba ya nchi iliyoithibitisha, na alama hiyo mara nyingi iko kwenye kitambaa kilichoshonewa kwenye mkanda wa kidevuni. Zile za viwango vya Marekani huandikwa DOT kwa nyuma. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ikiwepo ni jambo jema. Lakini stika hubandikwa na yeyote, kwa hiyo alama isikuzuie kuangalia kwa mikono: bonyeza ganda kwa viganja viwili kutoka pembeni, lisibonyee kwa urahisi. Vuta mkanda kwa nguvu kule ulikofungwa kwenye ganda. Funga klipu na kuifungua mara kadhaa, isikwame wala isiachie yenyewe.

Ipi bora, ya kufunika uso mzima au ya wazi usoni? Ya uso mzima inalinda zaidi, kwa sababu kidevu na taya huumia sana mtu anapoanguka kifudifudi. Ila najua joto la Tanga, hasa kuanzia Desemba mpaka Machi, na najua abiria wengi huona wanakabwa wakifunikwa uso. Kwa kofia ya abiria ningechagua ya wazi usoni yenye kioo kirefu na inayofunika masikio na kisogo, ikikaa vizuri na kufungwa, kuliko ya uso mzima ambayo kila mtu anaikataa. Zile ndogo zinazokaa utosini tu na kuacha masikio nje, achana nazo.

Usinunue ya mitumba. Hujui ilianguka wapi, na tabaka la ndani likishabonyea mara moja halirudi, hata kama nje inang'aa.

Hatua ya 2: Ukubwa

Hapa ndipo helmeti ya abiria inapokuwa ngumu kuliko ya dereva, maana vichwa vinabadilika kila safari. Chukua tepu ya fundi cherehani, zungushia kichwa juu kidogo ya nyusi na pale kisogo kilipotokeza zaidi. Kwa viwanda vingi, sentimita 55 hadi 56 ni S, 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L. Ukiwa na helmeti moja tu ya abiria, nunua M. Usinunue kubwa kwa kufikiri itamtosha kila mtu. Kubwa humwingia kila mtu, lakini haimkai yeyote.

Kuna njia nzuri zaidi, na vijiwe vinaiweza bila gharama kubwa. Madereva wa kijiwe kimoja mgawane ukubwa: wawili wawe na S, wengi wawe na M, wengine L. Akija mama mwenye kichwa kidogo, dereva wa zamu anaazima ya mwenzake na kuirudisha. Watu wanaochangishana pesa za msiba na kukimbizana usiku kumtafuta mwenzao aliyeibiwa pikipiki hawashindwi kuazimana kofia.

Kuhusu watoto niseme kwa ufupi. Helmeti ya mtu mzima haimlindi mtoto. Inazunguka, inamziba macho, na uzito wake unamsumbua shingo. Mzazi anayempeleka mtoto shule kwa pikipiki kila siku anunue helmeti ya mtoto, ibaki nyumbani kwake, mtoto atoke nayo. Na mshikaki wa watoto watatu nyuma ya dereva hauna helmeti inayoutosha.

Hatua ya 3: Ivalishwe ikae

Abiria: shika mikanda miwili, ipanue kidogo kwa pembeni, ingiza kichwa kuanzia mbele kwenda nyuma. Ukingo wa mbele uwe juu ya nyusi kwa upana wa vidole viwili hivi. Ikikaa nyuma sana, paji la uso linabaki wazi, na paji ndilo linalogonga.

Halafu tikisa kichwa kulia na kushoto. Ngozi ya uso itikisike pamoja na kofia. Kofia ikitangulia au ikichelewa, ni kubwa. Mwisho weka mkono nyuma, chini ya ukingo wa kisogoni, sukuma kofia kwenda mbele ukijaribu kuivua. Ikitoka, barabarani itatoka pia. Kama pajini inaacha alama nyekundu na kichwa kinauma baada ya dakika tano, ni ndogo.

Huku kwetu pwani kuna mambo ya mavazi ambayo maelekezo ya kiwandani hayayagusi. Ushungi mwepesi uliobana unavalika chini ya helmeti bila tatizo lolote, tena unasaidia usafi. Tatizo ni pini. Pini ya utosini au ya kisogoni ikishindiliwa na pigo inaingia kichwani. Zitoe au zihamishie chini ya kidevu kwa upande, mbali na mkanda. Tatizo jingine ni fundo la nywele lililofungwa juu: linaiinua helmeti na kuifanya ikae juu ya fundo badala ya kichwa. Lishushe fundo shingoni. Rasta nene zilaze nyuma. Kilemba kizito kivuliwe, kifungwe upya ukifika. Baraghashia ivuliwe pia, kwa kuwa ni ngumu na inaacha nafasi utosini, itie mfukoni. Miwani ivaliwe baada ya kofia.

Na ukiwa umevaa baibui au kanga, kabla dereva hajaondoka, kunja pindo na ulikalie. Nguo ikiingia kwenye cheni au spoku za gurudumu la nyuma inamvuta mtu chini kwa kisogo. Kukaa upande nako kunaongeza hatari ya kuangukia kisogo. Anayelazimika kukaa hivyo kwa sababu ya nguo, basi ndiye asiyepaswa kabisa kuikosa helmeti, na dereva apunguze mwendo kwenye matuta na kipilefti.

Hatua ya 4: Funga mkanda, kila mara

Ningeambiwa nibakize hatua moja tu, ningebakiza hii. Helmeti isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Katika ajali mwili unarushwa, unapinduka, unagonga zaidi ya mara moja, na kofia iliyo wazi imeshaondoka kwenye pigo la kwanza.

Mkanda upite chini ya kidevu karibu na koo, usikae kwenye ncha ya kidevu. Ukishafunga, vidole viwili vipite kati ya mkanda na ngozi, visipite vitatu. Fungua mdomo kama unapiga miayo: helmeti ivutwe chini kidogo kichwani. Isipovutwa, kaza.

Aina ya klipu inafungwa kwa mlio, vuta kuhakikisha. Aina ya pete mbili inawachanganya wengi: ncha ya mkanda inapita ndani ya pete zote mbili, kisha inarudi juu ya pete ya nje na kupita ndani ya ile ya ndani tu, halafu unavuta. Kwa kofia ya abiria chagua klipu, kwa sababu abiria hatakaa kujifunza pete saa kumi na mbili asubuhi akiwa amechelewa kazini.

Dereva, usimfunge mwanamke mkanda kidevuni kwa mikono yako. Hata kwa nia njema, wengi hawatapenda, na wana haki. Vua yako, uifunge upya mbele yake huku unaeleza: "Samahani mama, inakaa hivi, halafu unavuta hapa." Akimaliza mwambie aivute mwenyewe kujaribu. Ni sekunde chache. Mzee akishindwa kuona klipu, muulize kwanza: "Shikamoo mzee, nikusaidie mkanda?" Usiwashe pikipiki mpaka umesikia mlio wa klipu. Ukiufanya huo kuwa utaratibu wako, wateja wa kudumu watauzoea na wataanza kuukumbusha wenyewe.

Hatua ya 5: Usafi, bila kuiharibu

Niwe mkweli: abiria wengi hawakatai usalama, wanakataa uchafu. Wanaogopa chawa, mapunye, mba na harufu. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake iko kwa dereva.

Kama sponji za ndani zinatoka, zitoe kila wiki, zifue kwa maji na sabuni ya kawaida, zianike mpaka zikauke kabisa. Zisipotoka, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha kitambaa chenye maji safi, uiache kivulini penye upepo usiku mzima. Usitumie petroli, thina wala dizeli hata kidogo. Petroli na thina zinayeyusha lile tabaka jeupe, na zinaweza kulidhoofisha ganda la plastiki bila wewe kuona.

Weka kofia laini za kitambaa chepesi, zile za kuvaa kabla ya helmeti. Fundi cherehani anaweza kukukatia kumi kutoka kwenye shuka kuukuu. Abiria mmoja, kofia moja safi. Jioni zinakwenda kufuliwa. Abiria unayejijua unapanda kila siku, beba mtandio wako au kitambaa chako mwenyewe.

Usiitundike kwenye saiti mira. Ncha ya kioo inatoboa tabaka polepole mahali pamoja. Usiiache juu ya tangi la mafuta jua la mchana, mvuke wa petroli na joto vinaichosha. Na kwa sisi tulio karibu na bahari, rivu (vipini vya chuma vinavyoshikilia mkanda kwenye ganda) na pete za mkanda hula kutu mapema, hasa kwa anayelaza pikipiki Raskazone au Sahare ambako upepo wa chumvi hauna kizuizi. Zipanguse, na kila mwezi uvute mkanda kwa nguvu kuona kama rivu bado imeshika. Masika ikifika, usiifungie ikiwa imelowa.

Kioo kikichubuka, badilisha kioo. Usiku, taa za malori yanayoingia kutoka Segera zikipiga kwenye mikwaruzo abiria haoni kitu; na hiyo hiyo dereva akiivaa ni hatari kubwa zaidi.

Hatua ya 6: Abiria anapokataa

"Shingo itavunjika." Ripoti ya Hurt haikuona hivyo. "Sisikii, sioni." Waliangalia hilo pia, na hawakukuta kwamba helmeti inaziba sauti muhimu za barabarani au inapunguza upeo wa macho kiasi cha kusababisha ajali. "Joto." Ni kweli, kuna joto, pandisha kioo pikipiki ikisimama, na safari nyingi za mjini ni za dakika chache. "Nywele zangu za harusini." Hapo mwelekeze bajaji, kwa heshima, bila kinyongo.

Dereva unayo haki ya kusema: "Dada, mimi siondoki bila." Sema kwa upole, mara moja, halafu subiri. Utampoteza mteja mmoja mmoja. Kijiwe kizima kikikubaliana, hamtampoteza yeyote, kwa sababu hana wa kumkimbilia.

Hatua ya 7: Ajali ikitokea

Piga 112 polisi, au 114 zimamoto na uokoaji. Zuia magari yasimkanyage aliyelala.

Usiivue helmeti haraka. Kama majeruhi anapumua, mwache nayo, inua kioo, legeza nguo ya kooni, na mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa akishike kwa mikono miwili kisigeuke. Shingo inaweza kuwa imevunjika bila damu kuonekana. Kofia inavuliwa tu kama hapumui, anatapika na kupaliwa, au njia ya hewa imezibwa, na hapo wawepo watu wawili: mmoja anashika taya na shingo kutoka chini bila kuachia, mwingine anafungua mkanda, anapanua pembeni na kuivuta taratibu kwa kufuata mstari wa kichwa. Msimkunje kwenye pikipiki nyingine kati ya watu wawili. Tafuteni gari atakapolala bapa.

Mpelekeni hospitali moja kwa moja. Kwa mjini ni Bombo. Fomu ya PF3, ile ya polisi kwa ajili ya matibabu ya majeruhi, ifuatwe polisi na ndugu au mwenzake wakati yeye anatibiwa. Helmeti nayo iende naye hospitali, ili daktari aone pigo lilitua upande gani.

Daktari akishaiona, maisha ya helmeti hiyo yamekwisha, hata kama haina ufa. Ikate mkanda kwa kisu kabla ya kuitupa, mtu asiiokote akaipaka rangi na kuiuza. Fanya hivyo pia kwa iliyofikisha miaka mitano ya kazi.

Na aliyeinuka akasema "niko sawa" asiachwe peke yake usiku ule. Damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu, mtu akaongea na kula vizuri, kisha hali ikabadilika baada ya saa kadhaa. Mwangalieni kwa saa 24: kutapika mara kwa mara, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi mzito asioamka vizuri, kuchanganya maneno, mboni za macho zisizolingana, degedege, maji au damu sikioni na puani, udhaifu wa upande mmoja. Ikitokea hata moja, asipewe dawa ya maumivu akaambiwa apumzike. Arudishwe hospitali saa hiyo hiyo.